Laini mbili za intaneti zikafa siku moja: kwa nini, na ofisi ndogo ifanye nini

Swali: Nina ofisi ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam, tuko watu sita. Mei 2024 intaneti ilipokatika tulikuwa na laini za kampuni mbili tofauti, nikiamini moja ikifa nyingine itatubeba. Zote zilikufa siku moja. Mwaka huohuo mteja wangu anayeagiza mashine kutoka Ujerumani alikuwa ananilaumu kila wiki, kwa sababu meli iliyobeba mzigo wake imezungukia Afrika Kusini. Je, ni kweli dunia nzima inaishi kwa nyaya chache na milango michache ya bahari? Wanaohusika wanafanya nini? Na mimi, kwa uwezo wangu huu, nifanye nini?

Jibu: Ndugu yangu, pole kwa hasara ya Mei ile. Kununua laini ya pili lilikuwa jambo la busara, na wengi waliofanya hivyo waliumia pamoja nawe. Nimefanya kazi ya mitandao muda mrefu, na swali lako ni lile ninalotamani kila mwenye ofisi angeuliza kabla mambo hayajaharibika. Nitaanza na laini zako, na nitakaa hapo, kwa sababu ukishaelewa kwa nini zilikufa pamoja, habari ya mashine za Ujerumani haitakuwa ngumu.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, yaani nyaya za intaneti zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika kwenye maji ya Afrika Kusini, kaskazini mwa Durban. Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi, Msumbiji, Madagaska na Komoro zote zilihisi, ila sisi Tanzania tuliumia kuliko majirani wengi. Ubalozi wa Marekani hapa Dar es Salaam ulisimamisha huduma kwa umma kwa siku mbili kwa sababu mtandao haukutosha kufanyia kazi. Laini zako zilikuwa na nembo tofauti, bei tofauti, na pengine minara tofauti. Lakini data za kampuni zote mbili, kwa kadiri kubwa, zilipofika ufukweni ziliingia kwenye mikongo hiyohiyo. Bili zilikuja mbili, njia ya kutokea nchini ilikuwa moja.

Fungua ramani uone. Seacom ulianza kazi Julai 2009, EASSy ukafuata 2010. Kabla ya hapo mwambao wetu ulitegemea setilaiti, na wanaoukumbuka wakati ule wanajua bei yake. EASSy una urefu wa takriban kilomita 10,000, kutoka Mtunzini, Afrika Kusini, hadi Port Sudan, Sudan. Seacom nao unaanzia Mtunzini, unapanda Maputo, Dar es Salaam na Mombasa, kisha unaelekea Djibouti na Misri. Mtunzini ni mji mdogo wa pwani ya KwaZulu-Natal, na mikongo yote miwili inatua hapo. Wamiliki ni tofauti, mikataba ni tofauti, lakini zikikaribia nchi kavu njia zao zinasogeleana. Balaa moja kwenye eneo hilo la bahari linatosha kuchukua yote miwili.

Hapo utaniuliza: kama kusini kumekatika, kwa nini data zisigeuke zikapanda kaskazini? Hili ndilo lililosahaulika katika habari nyingi za wakati ule. Kaskazini kulikuwa kumeshaumia tangu Februari. Tarehe 18 Februari 2024 Wahouthi wa Yemen waliipiga kwa kombora meli ya mizigo iitwayo Rubymar, iliyokuwa imebeba takriban tani 21,000 za mbolea, karibu na Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu. Mabaharia waliiacha. Meli ikabaki inaelea bila mtu, inaburuta nanga yake kwenye sakafu ya bahari, mpaka ilipozama tarehe 2 Machi. Katika siku hizo mikongo mitatu ilikatika kwenye Bahari ya Shamu: AAE-1, EIG na Seacom. Dalili zote zilielekea kwenye nanga ile. Kombora lilirushwa kwa meli ya mbolea, na aliyelipa ni pamoja na mtu wa Kariakoo anayetuma ankara kwa barua pepe.

Kurekebisha kukawa shida nyingine. Pale palipokatika ni maji ambayo pande mbili za Yemen zinayadai, na vita vinaendelea juu yake. Meli ya ukarabati inahitaji kibali, inahitaji bima inayokubali hatari hiyo, na inahitaji kusimama mahali pamoja kwa siku kadhaa bila kusogea. Ilichukua miezi. Kwa hiyo Mei ilipofika, data za Seacom zilizokuwa zikipanda kaskazini zilikuwa zimeshahamishiwa njia nyingine, ikiwemo ya kusini. Kusini kukakatika. Ulichokiona wewe kama ajali ya siku moja kilikuwa ajali ya pili juu ya jeraha la kwanza ambalo halijapona.

Kenya walipata nafuu mapema kidogo kwa sababu Mombasa inatua mikongo mingi zaidi. Kuna TEAMS, unaokwenda Fujairah katika Falme za Kiarabu tangu 2009, kuna DARE1 wa kwenda Djibouti, kuna PEACE. Na sisi sehemu ya nafuu yetu ilipita nchi kavu, kwenye faiba zinazovuka mpaka Namanga na Horohoro kuingia Kenya na kushuka baharini huko. Mkongo wa Taifa tunaouzoea kuuona kama mradi wa kupeleka intaneti mikoani ulikuwa na thamani ya aina nyingine siku zile: unatuunganisha na majirani zetu, nao wana milango ambayo sisi hatuna.

Lakini usije ukafarijika kupita kiasi na hesabu ya mikongo ya Mombasa. DARE1 unaishia Djibouti, mlangoni kabisa pa Bab el-Mandeb. PEACE unapita Bahari ya Shamu. TEAMS unakwepa Bab el-Mandeb, na Fujairah ipo nje ya Mlango wa Hormuz, jambo ambalo waliouchora walistahili kupongezwa kwalo. Ila ukitoka Fujairah kwenda Ulaya, njia kubwa zinarudi tena Bahari ya Shamu na kuvuka Misri. Septemba 2025 mikongo mingine miwili, SMW4 na IMEWE, ilikatika karibu na Jeddah, na watumiaji wa Pakistan, India na Falme za Kiarabu wakasikia uzito. Bahari ile ni nyembamba, na karibu kila mtu anayetaka kuunganisha Asia au Afrika Mashariki na Ulaya amepita humo kwa sababu ndiyo njia fupi. Kila uamuzi peke yake ulikuwa sahihi kibiashara. Ukiyaweka maamuzi yote pamoja unapata mlango mmoja.

Jambo hili si geni kwenye pwani yetu. Waya wa kwanza wa simu za maandishi ulifika Zanzibar mwaka 1879, ukitoka Aden na kuendelea kusini Msumbiji mpaka Durban. Aden kaskazini, Durban kusini. Miaka mia moja na arobaini na tano baadaye, mikongo iliyotuumiza ilikatika karibu na miji hiyohiyo miwili. Teknolojia imebadilika kabisa, umbo la ramani limebaki.

Sasa umeuliza kama dunia inaishi kwa nyaya chache. Ndiyo. Zaidi ya asilimia 95 ya data zinazotoka bara moja kwenda jingine zinapita chini ya bahari. Setilaiti zinabeba kilichobaki. Kwenye kina kirefu mkongo wenyewe una unene kama bomba la kumwagilia bustani. Ndani yake mna nyuzi chache za kioo, juu yake chuma, kisha shaba inayopeleka umeme wa maelfu ya volti kwenye vikuza mwanga vilivyopangwa kila baada ya makumi ya kilomita, kisha plastiki. Ukikaribia pwani unaongezewa nondo nyembamba za chuma na kufukiwa kwenye mchanga, maana huko ndiko kwenye hatari. Duniani mikongo hupata hitilafu kati ya 150 na 200 kila mwaka, na kati ya asilimia 70 na 80 ya hizo zinaletwa na nyavu za kukokota na nanga. Hujuma zipo, na nchi za Baltiki zimekuwa na hofu hiyo tangu mikongo yao ilipokatwa mwishoni mwa 2024, hadi NATO ikaanzisha doria maalumu Januari 2025. Lakini mimi nikiambiwa nilinde mwambao wetu ningeanza na meli zinazosubiri nje ya bandari zikiwa zimetupa nanga mahali pasipotakiwa, na meli za uvuvi zinazokokota nyavu juu ya njia ya mkongo zikiwa zimezima vifaa vya kuonyesha zilipo.

Kutengeneza mkongo ni kazi ya mikono kuliko watu wanavyodhani. Fundi wa nchi kavu anapeleka mwanga kwenye uzi, anapima muda unaochukua kurudi, anajua palipokatika ni kilomita ngapi kutoka ufukweni. Meli inakwenda pale na kushusha ndoano kubwa ya chuma, inaburuta chini mpaka ikamate ncha moja, inaivuta juu, inaipima, inaifunga kwenye boya. Inarudia kwa ncha ya pili. Kisha ndani ya chumba kidogo melini, mafundi wawili au watatu wanaunga nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, moja baada ya nyingine, na kipande kipya katikati, kwa saa nyingi, huku bahari ikiwainua na kuwashusha. Upepo ukizidi, wanasubiri. Mei 2024 iliyoitwa ilikuwa Léon Thévenin, meli ya Ufaransa iliyoundwa 1983 na yenye makao yake Cape Town. Miezi miwili kabla, ilikuwa upande wa pili wa bara, kwenye mikongo ya Afrika Magharibi iliyokatika tarehe 14 Machi nje ya pwani ya Côte d'Ivoire. Fikiria: kama ajali hizi mbili zingegongana wiki moja, nani angeanza kuhudumiwa? Meli za aina hiyo duniani ni makumi machache tu.

Ndiyo maana naona mjadala mwingi wa ulinzi unakosea mahali pa kuweka uzito. Huwezi kuweka askari kwenye kilomita 10,000 za sakafu ya bahari. Sheria zipo tangu zamani. Mkataba wa kwanza wa kulinda nyaya za baharini ulisainiwa Paris mwaka 1884, na mkataba wa sheria ya bahari wa 1982 unazitaka nchi zimwadhibu anayeharibu mkongo. Sheria hizo hazizuii nanga isikwame. Kinachotusaidia ni mambo mawili: njia ziwe tofauti kweli, na muda wa kutengeneza uwe mfupi. Kwenye hilo la pili nchi zetu zina kazi ya kufanya ambayo haihitaji mabilioni. Meli ya ukarabati ikiomba kuingia kwenye maji yako, kibali kitoke kwa saa, kisipite ofisi moja hadi nyingine kwa wiki. Mikongo ya akiba na viungio vihifadhiwe karibu, Mombasa au Dar es Salaam, badala ya kusubiriwa kutoka mbali. Novemba 2024 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano likishirikiana na kamati ya kimataifa ya ulinzi wa mikongo liliunda bodi ya kushauri juu ya mambo haya, na mkutano wake wa kwanza mkubwa ulifanyika Abuja Februari 2025. Ni hatua nzuri, lakini kibali anatoa waziri wa nchi, hatoi mkutano.

Kwenye njia tofauti kuna matumaini zaidi. Mkongo wa 2Africa, wenye urefu wa kilomita 45,000, umefika Mombasa na Dar es Salaam, na Afrika Kusini unatua kwingine, si Mtunzini. Kipande chake cha Bahari ya Shamu ndicho kilichocheleweshwa, kwa sababu unazozijua. Siku chache baada ya ajali ya Mei, tarehe 23 Mei 2024, Google ilitangaza mradi wa Umoja: faiba ya nchi kavu kutoka Kenya kupitia Uganda, Rwanda, Kongo, Zambia na Zimbabwe hadi Afrika Kusini, halafu mkongo wa baharini kwenda Australia. Tazama upande huo: mashariki, ambako hatujawahi kuwa na mlango wa namna hiyo. Na kuna faiba zinazovuka Kongo hadi Muanda kwenye Atlantiki. Hizi za nchi kavu zina matatizo yake, wezi wa nyaya, matrekta ya barabara, vita vya mashariki mwa Kongo. Lakini zinakatika kwa sababu tofauti na za baharini, na hilo ndilo tunalolitafuta.

Mashine za Ujerumani sasa. Mlango uliomkwamisha mteja wako ni uleule ulioiua Seacom kaskazini. Wahouthi walianza kwa kuiteka meli Galaxy Leader tarehe 19 Novemba 2023. Desemba kampuni kubwa za meli, Maersk, MSC, Hapag-Lloyd na CMA CGM, zikaanza kuzungusha meli zao Rasi ya Tumaini Jema. Kati ya Asia na Ulaya safari iliongezeka siku 10 hadi 14. Mizigo ya Ulaya kuja kwetu iliyokuwa ikishuka Suez na kubadilishiwa meli kwenye vituo kama Salalah, Oman, ikabidi ipangiwe ratiba upya, na kontena moja likikosa meli ya kuunganisha linasubiri ijayo. Mteja wako akikuuliza kwa nini hata mizigo ya China, isiyopita Bahari ya Shamu kabisa, ilipanda bei, mwambie meli zilizokuwa zikizunguka dunia kwa muda fulani sasa zilihitaji muda mrefu zaidi, kwa hiyo meli zikawa chache, na makontena matupu yakachelewa kurudi kule yanakopakiwa. Wauza parachichi wa Kenya waliumia zaidi kuliko wewe, tunda halisubiri. Maharamia wa Somalia nao walipata nafasi ya kurudi mwishoni mwa 2023, manowari zilipokuwa zimevutwa Bahari ya Shamu.

Na mlango unaweza kuzibwa nchi kavu pia. Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya, barabara ya Mombasa kwenda Malaba ilifungwa na vurugu, na reli ikang'olewa Kibera. Kampala, Kigali, Bujumbura na Goma hazikuwa na ugomvi wowote na uchaguzi ule, lakini mafuta yalikauka vituoni na bei ikapaa. Uganda ilikuwa na matangi ya akiba Jinja. Yalipohitajika hayakuwa na mafuta ya kuiokoa. Tangu hapo njia ya Dar es Salaam kwa nchi zile ilianza kutazamwa kama lazima, hata pale ilipokuwa ndefu zaidi.

Jinja inanipeleka kwenye jambo ambalo ningeomba ulishike kuliko mengine yote: akiba isiyojaribiwa huwezi kujua kama ipo. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima, na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia gizani. Jenereta zilikuwepo. Ile iliyohudumia sehemu ya abiria wa kimataifa haikuwaka. Mwezi mmoja kabla, Julai 2023, mashambulizi ya mtandaoni yaliiyumbisha eCitizen, mfumo ambao wageni walitumia kuomba visa. Hapo Serikali ilikubali kuwapa watu visa wanapofika uwanjani, na safari zikaendelea. Kilichookoa siku ile ni kwamba bado kulikuwa na afisa anayejua kugonga muhuri kwa mkono.

Kisa cha Maersk nakitaja kwa sababu uko kwenye biashara ya mizigo. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi kilichoitwa NotPetya, kilichokuwa kimeelekezwa Ukraine, kiliingia kwenye mtandao wao na kufuta kompyuta duniani kote. Malori yalipanga foleni nje ya bandari bila mtu wa kuyaambia kontena liko wapi. Walilazimika kuweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku kumi hivi. Walikuwa na nakala za data zao, lakini seva zinazotunza orodha ya nani ni nani kwenye mtandao zilikuwa zimepangwa kunakiliana zenyewe kwa zenyewe, na zote zilifutwa kwa pamoja. Isipokuwa moja, Ghana. Ofisi ya Ghana umeme ulikuwa umekatika kabla ya kirusi kufika. Kampuni kubwa kuliko karibu zote za meli ilifufuliwa na kukatika kwa umeme Ghana. Nakala iliyounganishwa muda wote na ile ya asili inakufa nayo.

Sasa twende ofisini kwako.

Waandikie watoa huduma wako wote wawili, kwa barua au barua pepe, uwaulize: data zangu zinatoka nchini kwa mkongo gani? Mkongo huo ukikatika, zinahamia upi? Na nafasi kwenye huo wa pili mmeshainunua, au mtaitafuta siku hiyo? Swali la tatu ndilo linalotenganisha watu. Mei 2024 kila mtu alikwenda sokoni siku moja kutafuta nafasi ileile. Wakikujibu wote wawili EASSy na Seacom, badilisha mmoja wao. Tafuta anayetoka kwa 2Africa, au anayepita nchi kavu kwenda Mombasa.

Kisha toka nje utazame nguzo. Nimeona ofisi nyingi za mjini ambazo faiba za kampuni mbili zinaingia kwa shimo moja la ukuta, zimefungwa kwa waya mmoja kwenye nguzo moja, na mtaro wa barabara unaochimbwa mbele ya jengo unazikata zote asubuhi moja. Laini yako ya pili iwe ya mnara, isiwe ya waya. Na vifaa vya zote mbili visichomekwe kwenye soketi moja bila betri. Kifaa cha kuhifadhi umeme kinachoweza kubeba modemu kwa saa mbili tatu hakina bei ya kutisha. Setilaiti kwa ofisi ya watu sita inaweza kuwa mzigo, lakini jengo lenye ofisi nne tano za aina yako linaweza kuchangia moja kupitia mtoa huduma mwenye leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania.

Halafu tenganisha kazi zako: zipi lazima zitoke nchini, zipi hazihitaji. Data kati yako na seva iliyopo hapa Dar es Salaam zinaweza kupita kwenye kituo cha kubadilishana data cha TIX bila kugusa bahari, na mikongo yote ikikatika bado zitapita. Tatizo ni pale mfumo wa hapa nchini unapokutumia nambari ya kuingilia kwenye barua pepe iliyohifadhiwa Ulaya, au ukurasa wake unaposubiri kipande kidogo kutoka Marekani kabla haujafunguka. Chagua kupokea nambari hizo kwa ujumbe wa simu. Barua pepe ya ofisi, ukiweza, ihifadhiwe kwenye seva za hapa. Na kila siku jioni mtu mmoja anakili hati za mizigo iliyo njiani, yaani hati ya shehena, ankara, orodha ya vifurushi, cheti cha asili na vibali, kwenye diski ambayo baada ya hapo inachomolewa na kufungiwa kabatini. Ikichomolewa ndiyo inakuwa nakala.

Mteja wako wa mashine za Ujerumani mpe ukweli kwa maandishi kabla hajapakia: njia ya meli, kama kuna kubadilishiwa meli, siku za bure za kontena baada ya kushushwa, na nani analipa zikizidi. Hati za asili zitumwe kwa msafirishaji wa vifurushi mara meli inapoondoka, zisisubiri. Na msomee bima yake, maana hapa watu wengi wanapigwa. Bima ya kawaida ya mizigo ya baharini hailipi hasara iliyoletwa na kuchelewa, na hatari za vita zinahitaji kifungu chake cha ziada. Zaidi ya hapo, meli ikipata balaa na mwenye meli akitangaza hasara ya pamoja, kila mwenye mzigo anachangia gharama za kuiokoa kabla hajakabidhiwa chake, hata kama mzigo wake haukuguswa. Mwenye meli ya Ever Given, ile iliyoziba Mfereji wa Suez kwa siku sita Machi 2021, alitangaza hivyo, na wenye makontena wasio na bima walijikuta wanadaiwa dhamana. Bima nzuri inabeba mchango huo. Muulize wakala wa bima swali hilo kwa maneno hayo, na upate jibu lake likiwa limeandikwa.

Mwisho ni jaribio. Mara moja kila robo mwaka, chagua Ijumaa mchana ambayo kazi si nyingi, uzime laini kuu bila kuwatangazia wafanyakazi. Waache wafanye kazi saa mbili kwa laini ya pili na diski ya kabatini. Andika kila kilichokwama: nywila aliyoijua mtu mmoja tu ambaye hayupo, printa inayohitaji intaneti ili ichape, hati iliyokuwa kwenye simu ya mtu. Jumatatu mrekebishe viwili vya juu kwenye orodha, na vilivyobaki mvipangie tarehe.